Dawa ya Kumtuliza Efraimu

Uji ulikuwa umeanza kupoa. Dorika aliukoroga tena kwa mwiko mdogo, akachota kijiko, akakipitisha upande wa kushoto wa kinywa cha mumewe, upande uliokuwa bado unajua kumeza. Upande wa kulia ulirudisha. Uji ukateremka kidevuni, ukaingia kwenye kola ya koti.

"Meza, baba Tabea. Meza kidogo tu."

Efraimu Mlowe hakumeza wala hakukataa. Macho yake yalikuwa wazi nusu, hayatazami kitu. Nje umande ulikuwa umeganda juu ya majani ya viazi. Ulikuwa mwezi wa Juni, wakati ambao huku nyanda za juu hata kuku hutoka bandani kwa kusitasita. Dorika alimfuta kidevu kwa ncha ya kitenge, kisha akafungua kiganja. Palikuwa na vidonge viwili vyeupe. Viwili asubuhi, viwili jioni, ndivyo dresa, yule mganga msaidizi wa dispensari, alivyoagiza. Alivisaga kwa kitako cha kikombe, akavichanganya na kijiko cha mwisho, akampa.

Kisha akamwekea ungo wa maharagwe magotini. Kazi ilikuwa moja: atoe haragwe kwenye ungo kwa mkono wa kulia, ule uliokufa, alitie ndani ya bakuli. Hakuna aliyemfundisha Dorika jambo hilo. Aliona tu kwamba mguu wa ng'ombe uliofungwa muda mrefu hurudi kwa kutembezwa, akafikiri mkono nao ni kiungo.

Haragwe moja. La pili likamponyoka. Kabla jua halijafika kwenye paa la jiko, kichwa cha Efraimu kilikuwa kimelala begani, ungo umeteleza, maharagwe yametawanyika sakafuni.

Dorika akapiga magoti, akaanza kuyaokota.

Mpaka mwezi wa tatu mtu huyu alikuwa anasimama mbele ya kanisa kila Jumapili na kuanzisha nyimbo. Miaka kumi na tisa aliongoza uimbaji. Sauti yake ilikuwa nene, haina haraka, na watu wa kijiji chao, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka Makambako, walizoea kusema kwamba Efraimu akishika wimbo, hata mlevi wa ulanzi anapata pa kuushikia. Sauti hiyohiyo ndiyo aliyoitumia barazani kwa jumbe, mkuu wa kijiji, siku walipoambiwa kwamba mzungu mwenye mashamba ya pareto anataka bonde la Mlugwe ajenge vitalu vya miche yake, kwa kuwa maji ya Mlugwe hayakauki.

Bondeni mule ndimo vilimokuwa vinyungu vya watu saba, yale mashamba ya kiangazi yanayolimwa kwa unyevu wa mto wakati mlimani kila kitu kimekauka. Bila kinyungu, kuanzia Agosti mpaka mvua ya Desemba nyumba haina mboga wala mahindi mabichi, inangoja tu. Wenzake sita walitazama chini. Efraimu akainuka, akasema, "Shamba hili ni langu. Sitaki." Akakaa.

Ikaandikwa kwamba Bwana Shauri, mzungu wa serikali wa wilaya, atakuja mwenyewe mwezi wa nane, amwulize kila mwenye shamba kwa kinywa chake. Wiki tatu baadaye Efraimu alianguka kinyunguni akiandaa matuta, jembe mkononi. Walipomfikisha nyumbani, upande wa kulia haukuwa wake tena, na maneno yalikuwa yamemtoka yote. Alibaki na sauti tu. Alilia nayo, akapiga nayo kelele mchana kutwa, akiyatafuta maneno na kuyakosa, akipiga ukuta kwa mkono wa kushoto.

Enoki, mdogo wake, tarishi wa jumbe, ndiye aliyekwenda dispensari kusema kwamba kaka yake amerukwa na akili. Daktari wa serikali alipopita akielekea Makambako hakushuka garini. Aliuliza jambo moja, na dresa Kasimiri akamfasiria Enoki: "Anapiga kelele?"

"Sana, bwana."

Daktari akaandika kwenye karatasi, juu ya goti lake. Gari likaondoka. Ndipo vikaja vidonge.

*

Mwanzoni mwa Julai vidonge vilikwisha dispensarini. Kasimiri alisafiri kwenda kuvifuata, akakwama huko siku kumi na mbili.

Siku tatu za kwanza Dorika alidhani anamzika mumewe. Efraimu alitetemeka, akatoka jasho, hakulala. Siku ya tano alilala usingizi wa kawaida, ule wa kukoroma. Siku ya saba akanywa uji, akatazama huku na huku kama mgeni aliyefikishwa nyumba ya watu, akamwona mkewe. Akacheka kwa upande mmoja wa uso.

Dorika akaweka ungo.

Maharagwe tisa. Kesho yake kumi na nne. Siku ya kumi aliacha kuhesabu, kwa sababu Efraimu alikuwa ameshika machache kwa mkupuo mmoja, mkono mzima ukitetemeka kama wa mzee, na aliyamwaga bakulini bila kupoteza hata moja.

Siku ya kumi na moja Dorika alikuwa anapeta mahindi uani, anaimba chini kwa chini wimbo wa Jumapili, kama anavyofanya mtu ambaye mikono yake ina kazi na mdomo hauna. Nyuma yake sauti nene ikaupokea. Si sauti tu. Maneno. Ubeti mzima, neno kwa neno, hakukosea hata pale ambapo watu wote kanisani hukosea.

Alimwaga mahindi.

"Baba Tabea! Sema tena. Sema 'Dorika'."

Efraimu akafungua mdomo. Uso ukamkunjamana. "Do... a... nda..." Machozi yakamjaa. Dorika akaanza tena ule wimbo, upesi, kabla hajaanza kulia, naye akauingia na maneno yakatoka yamenyooka. Kwa hiyo hayakupotea. Yalikuwa yamekaa ndani ya nyimbo.

Kasimiri aliporudi, Dorika alikuwa wa kwanza mlangoni pa dispensari.

"Kamwene, dresa."

"Kamwene, mama Tabea. Chupa?"

Alimpa chupa tupu. "Naomba nikwambie neno. Siku hizi ambazo hakunywa, amepata nafuu. Ameshika maharagwe. Ameimba."

"Ameimba." Kasimiri alikuwa anahesabu vidonge kwa kijiti, hakuinua macho. "Vizuri."

"Nafikiri dawa hii inamlaza. Inamlaza hata pale palipokuwa panaamka."

Kijiti kikasimama. "Mama, umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"La nne."

"La nne. Daktari amesoma ng'ambo miaka mingapi, unajua? Mimi mwenyewe nimesoma miezi kumi na minane, na sithubutu kuongeza kidonge wala kupunguza. Imeandikwa. Hii hapa, na sahihi yake." Alimwonyesha karatasi, akairudisha upesi. "Akilala ndiyo anapona. Wewe unataka aimbe?"

Watu waliokuwa wanangoja wakacheka.

"Nataka uje umwone kwa macho yako."

"Nina kijiji hiki na vingine vitano, na baiskeli isiyo na breki. Chupa irudi tupu, mama. Ikirudi na dawa, naandika kwamba mgonjwa ni mkaidi, na mkaidi hapewi tena kitu hapa, hata akivunjika mguu. Sikuweka mimi sheria hiyo."

Dorika akapokea chupa, akashukuru.

Hakuwa mtu wa kukurupuka. Alimpa Efraimu vidonge siku mbili, akatazama. Siku ya pili maharagwe yalikuwa matatu na mate yanashuka. Akaacha siku nne, akatazama. Yakawa mengi, na wimbo ukarudi. Akampa tena siku moja. Baada ya hapo hakuhitaji kujaribu. Kila asubuhi na jioni alitoa vidonge vyake kwenye chupa, akavitia ndani ya kibuyu cha mbegu za maboga, akakiziba kwa gunzi. Hakuvitupa. Ilikuwa dawa ya serikali, na kutupa ni kuharibu mali ya mtu.

Na kila asubuhi, wakati maharagwe yanaingia bakulini, alimwimbia sentensi moja. Aliikata ikaenea kwenye ule wimbo wa kwanza, noti kwa noti: *Shamba hili ni langu, sitaki.* Siku ya kwanza Efraimu alimtazama kwa mshangao, kisha macho yakabadilika. Alielewa. Alielekeza kidole cha mkono wa kulia bondeni, kidole kilichopinda, akaitika.

Mwishoni mwa Julai aliimba sentensi yote bila kusaidiwa. Siku moja, Dorika aliapa mbele za Mungu kwamba alisikia, Efraimu alisema "langu" bila wimbo. Neno moja, kavu, kama watu wanavyosema.

Zilikuwa zimebaki siku ishirini Bwana Shauri aje.

*

Chakula cha Bwana kilitangazwa kanisani kwa Jumapili ya kwanza ya Agosti. Desturi ya usharika wao ilikuwa kwamba anayetaka kukaribia meza aende kwanza kwa mzee wa kanisa kuandikisha jina, na mzee humwuliza kama ana neno lolote, na mtu au na Mungu. Wengi walisema "sina", wakaandikwa, wakaenda zao.

Mzee Abrahamu alikuwa amekaa kwenye benchi chini ya upenu wa kanisa, blanketi begani. Ndiye aliyemfunda Dorika kwa ajili ya kipaimara, na ndiye aliyemzika mama yake.

"Dorika mke wa Efraimu. Una neno na mtu?"

Njiani alikuwa amejiuliza kama atanyamaza. Lakini hajawahi kukaribia meza ile na uongo umefungwa kwenye nguo. Tena palikuwa na jambo lingine, na hilo ndilo lililomsukuma zaidi: mzee Abrahamu akiujua ukweli atamsemea. Neno la mzee wa kanisa si neno la mwanamke wa darasa la nne.

"Nina neno, baba mzee. Namdanganya dresa."

Akaeleza yote. Maharagwe, nyimbo, chupa. Kisha akafungua kitenge alichokifungia kibuyu, akakiweka kwenye benchi. Mzee akatoa gunzi, akatazama ndani, akanusa.

"Vyote hivi?"

"Vyote. Sikuuza wala sikutupa."

Abrahamu akakiziba tena kibuyu kwa gunzi. "Umefanya vema kusema," alisema, na uso wake ulikuwa na huruma ya kweli. "Wengi wangeficha. Lakini mwanangu, dawa nayo ni mkono wa Mungu. Sisi tulipigana na watu waliotupa dawa za misheni wakaenda kwa waganga wa mizizi. Leo nikisema mke wa kiongozi wa nyimbo ametupa dawa, nitawaambia nini hao wengine?"

"Sikwenda kwa waganga, baba. Njoo umsikie tu."

"Nitakuja. Ila kwanza tutengeneze hili. Kilichofichwa kirudi kwa mwenyewe." Akaandika jina la Dorika taratibu, akampa kikaratasi cha kukaribia meza. "Kibuyu niachie mimi. Nitakipeleka kwa upole."

Dorika akashuka mlima amejaa shukrani. Dhambi imemtoka, na sasa ana wa kumsemea.

Walikuja kesho yake, wote watatu: Abrahamu, Kasimiri, na Enoki mbele. Efraimu alikuwa uani juani, ungo magotini.

"Shemeji," alisema Enoki, "kaka yangu alikukosea nini?"

"Kaa kwanza, shemeji. Mwacheni aimbe, mtasikia wenyewe."

"Vidonge sitini na viwili!" Kasimiri alikitikisa kibuyu, mbegu na vidonge vikagongana. "Mali ya serikali imekaa na maboga! Ningeandika hili, mama, ungelala mahabusu. Shukuru mzee amekuombea."

"Nilimwombea, ni kweli," alisema Abrahamu.

Efraimu alikitazama kibuyu. Akamtazama mdogo wake. Mkono wa kulia ukaanza kucheza juu ya ungo. Dorika akaanzisha ule wimbo, lakini sauti yake mwenyewe ilikatika, na mumewe hakupata pa kuingilia. Alifungua mdomo, ikatoka kelele ile ya zamani, ile ya Machi, isiyo na neno ndani yake. Alisukuma ungo ukapinduka. Akapiga kiti. Akalia, na kadiri alivyotazamwa ndivyo alivyolia zaidi.

Kasimiri akatoa karatasi mfukoni, akasoma kwa sauti kama anayesoma amri. "'Akizidisha kelele, vitatu.' Imeandikwa. Mzee, wewe ni shahidi."

Abrahamu alikuwa anafuta macho. "Masikini Efraimu," alisema. "Masikini. Mpeni apumzike."

Tangu siku hiyo aliyempa dawa alikuwa Esteria, mke wa Enoki. Alikuja asubuhi na jioni, akasimama mpaka vimezwe, akamfungua Efraimu mdomo kwa vidole viwili na kutazama chini ya ulimi. Hakuwa mwanamke mbaya. Siku nyingine alileta maziwa.

"Usinichukie, dada," alisema. "Nimetumwa."

Jumapili Dorika alikaribia meza. Alipiga magoti, akapokea mkate, akameza.

*

Bwana Shauri alikuja na Landrova, akawekewa meza na kiti mbele ya nyumba ya jumbe. Mkalimani akasimama kushoto kwake. Mzungu wa pareto alibaki ameegemea gari, anavuta kiko. Watu saba waliitwa mmoja mmoja. Sita waliulizwa, sita wakasema "ndiyo, bwana", kwa sauti ya chini.

Efraimu aliletwa kwa kiti, amebebwa na wanaume wanne. Alikuwa amevalishwa koti lililofuliwa. Esteria alikuwa amekuja mapema asubuhi hiyo.

"Efraimu Mlowe," alisema mkalimani. "Bwana Shauri anauliza, unakubali au unakataa?"

Uzi wa mate ulishuka mpaka kwenye kifungo.

"Amerukwa na akili, bwana," alisema Enoki. "Mimi ni mdogo wake, baba mmoja, mama mmoja."

"Naomba kusema," alisema Dorika.

Bwana Shauri akainua macho. "Huyu ni nani?"

"Mkewe, bwana."

"Mwambie akae. Wanawake hawana mashamba katika mila yenu, ndivyo?"

"Ndivyo, bwana," alisema jumbe.

Dorika hakukaa. Alimsogelea mumewe, akainama mpaka mdomo ukagusa sikio lake, akaanza kuimba ule wimbo, taratibu, bila maneno, sauti tu. Midomo ya Efraimu ikacheza. Macho yakatafuta njia ya kutoka chini ya kope. "Sha..." ilisikika. "Sha... mba..."

Nyuma, mzee Abrahamu alivua kofia. Alikuwa ameitambua sauti ya wimbo. Aliona mke wa mgonjwa anamwombea mumewe mbele ya watawala, na moyo ukamjaa. Akaupokea kwa maneno yake ya kanisani. Mwanamke mmoja akamfuata. Kisha wanaume wa sauti ya nne. Kabla ubeti haujafika katikati, watu mia mbili walikuwa wamesimama wanaimba, na vilima vinarudisha. Dorika alitikisa kichwa, alipunga mikono miwili, "Nyamazeni! Nyamazeni, anasema!", wakadhani anaongoza, wakazidisha.

Midomo ya Efraimu iliendelea kucheza kidogo ndani ya sauti ile kubwa, kisha ikaacha. Kichwa kikalala.

Bwana Shauri naye alikuwa amesimama, kofia mkononi, akingoja wamalize. Alipokaa alimwambia mkalimani neno, na mkalimani akatangaza: "Bwana Shauri anasema amefurahi kuona watu wa amani."

Enoki alishika mkono wa kulia wa kaka yake, ule wa maharagwe, akakifungua kidole gumba, akakibandika kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Kidole hakikukataa.

*

Mwanzoni mwa Oktoba Kasimiri alimwambia Dorika kwamba vidonge vimekwisha tena na havitaletwa upesi. "Wala hana haja navyo sana," alisema kwa wema. "Si ametulia?"

Efraimu alitetemeka siku nne. Siku ya sita alilala usingizi wa kukoroma. Siku ya tisa alitazama huku na huku, akamwona mkewe, akacheka kwa upande mmoja wa uso.

Dorika alikuwa amegeuza kiti chake. Zamani kilitazama bondeni. Sasa kilitazama ukuta wa jiko. Nyuma ya mgongo wa Efraimu, Mlugwe yote ilikuwa imepasuliwa matuta marefu yaliyofunikwa nyasi, na Enoki alipita kati ya matuta amevaa buti, filimbi shingoni. Efraimu hakuweza kujigeuza mwenyewe.

Akamwekea ungo. Mkono wa kulia ulishuka, ukachota, ukamwaga bakulini. Ukachota tena. Chini ya ukucha wa kidole gumba palikuwa na mstari mwembamba wa buluu ambao sabuni ya kipande haikuweza kuutoa.

Efraimu akaimba sentensi yake, yote, kwa sauti nene. Kisha akanyamaza, akakusanya uso mzima kwa juhudi, akaisema bila wimbo.

"Shamba... hili... ni langu. Sitaki."

Alimtazama mkewe aone kama amesikia. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji la uso. Bondeni filimbi ikalia, na watu wakainuka kwenye matuta.

"Lini?" aliuliza Efraimu.

"Lini nini, baba Tabea?"

Akatafuta neno. Alilipata.

"Baraza."

Dorika aliinama, akachota maharagwe kutoka bakulini kwa mikono miwili, akayarudisha kwenye ungo.

"Anza tena," alisema.